Le Morne Haina Tiketi, Kinachouzwa ni Asubuhi

Juu ya meza ya mapokezi ya hoteli yetu pale Flic-en-Flac, pwani ya magharibi ya Mauritius, palikuwa na kikaratasi kilichopigwa plastiki: kupanda Le Morne, rupia 3,200 kwa mtu mmoja, usafiri na mwongozaji humohumo. Nje ya geti, dereva wa teksi akanitajia rupia 2,500 kwa gari zima, kwenda, kusubiri na kurudi. Hatua chache mbele, kwenye kituo cha basi, mama aliyekuwa akiuza mananasi yaliyonyunyiziwa chumvi na pilipili akaniambia nipande basi, nibadilishe njiani, nauli haitafika rupia 100.

"Na langoni wanatoza ngapi?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Mlima hauna tiketi, akasema. Ungekuwa na tiketi, yeye angekuwa anauza mananasi palepale langoni.

Rupia moja ya Mauritius ni kama senti mbili za dola; dola moja inakupa rupia 45 hivi. Kwa hiyo kwa mimi na mpwa wangu, mlima uleule wa bure ungeweza kutugharimu dola 9 au dola 142, kutegemea tumeuliza mlango gani. Tofauti kama hiyo inamfanya mtu ashuku kwamba wa juu anaibia watu au wa chini anaficha jambo. Mimi niliupanda mara mbili ndani ya juma moja la Novemba, mara ya kwanza kwa kikaratasi cha hoteli, mara ya pili kwa njia yangu. Nilichojifunza ni kwamba pale kila mtu anakuuzia saa. Ukilinganisha bei bila kuuliza itakufikisha langoni saa ngapi, hujalinganisha kitu.

Unapanda nini hasa

Le Morne Brabant ni jabali la mita 556 lililosimama peke yake kwenye rasi ya kusini-magharibi, bahari ikiwa imelizunguka pande tatu. Mtu aliyezoea kusikia mita 5,895 za Kilimanjaro atacheka. Asicheke mapema. Kilimanjaro unaupanda umevaa jaketi. Huku unaanzia karibu usawa wa bahari, ukiwa na joto la Tanga mgongoni, na kwa sehemu kubwa ya juu hakuna mti wa kukukinga. Kwenda na kurudi ni kama kilomita saba. Mtu wa kawaida hutumia saa tatu hadi nne.

Njia yenyewe ni njia mbili zilizounganishwa. Nusu ya kwanza ni barabara pana ya udongo na kokoto, inapanda polepole kati ya miti, na mtoto wa shule ya msingi anaimudu. Inaishia mahali pa kupumzikia ambapo bahari ya ndani ya miamba inaonekana chini yako, kijani ikigeuka buluu. Hapo pana bango la onyo: kuanzia hapa unapanda kwa dhamana yako mwenyewe. Nusu ya pili ni mawe meusi ya volkano, na mikono inaanza kazi. Kuna sehemu zenye kamba, kuna sehemu unatafuta pa kuweka kidole cha mguu kwanza ndipo uinue goti. Inaishia kwenye msalaba, mita kama 500 juu ya bahari. Kilele chenyewe kipo ng'ambo ya ufa mkubwa uliokata jabali, na wapandaji wa kawaida hawavuki.

Mambo mawili ya kumwambia muuzaji kabla hujatoa pesa. Akikuahidi kilele, mwulize kilele kipi. Akikuonyesha picha ya maporomoko ya maji chini ya bahari, ujue kwamba picha ile hupigwa kutoka angani. Ni mchanga unaoteremka kwenye kina na kudanganya macho. Ukiwa msalabani huyaoni hivyo. Anayetaka kuyaona alipie helikopta, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Sababu ya kutajiwa bei kubwa kwa kitu cha bure ina historia yake. Kwa miaka mingi njia hii ilipita kwenye ardhi ya watu binafsi, na mgeni alilazimika kwenda na mwenye kibali. Mwaka 2016 ikafunguliwa kwa umma. Lango likawa la wote, lakini vikaratasi vya mapokezi vingine havikubadilisha lugha. Bado vinauza "ruhusa" ambayo haiuzwi tena. Leo unaandika jina lako kwenye daftari la mlangoni, basi.

Bei ya kufika, na saa inayokuja nayo

Tulianza na hoteli, kwa sababu tulikuwa wavivu na tulikuwa likizoni. Tuliambiwa tuwe tayari saa mbili asubuhi. Gari likaja saa mbili na dakika kumi, likapita hoteli nyingine tatu kuokota watu, katika moja tukamsubiri bwana mmoja amalize kifungua kinywa. Tuliandika majina langoni saa tatu na robo tukiwa kumi na wanne. Tulipofika kwenye bango la onyo jua lilikuwa limeshakaa utosini. Lile jawe jeusi linakusanya joto kama kikaango. Ukilishika kwa kiganja unakitoa upesi, kisha unakirudisha kwa sababu huna pengine pa kushika. Juu yetu palikuwa na foleni ya watu wanaongojeana kwenye kamba. Dakika kumi za kusimama juani kwenye foleni zinachosha kuliko nusu saa ya kupanda. Wanne katika kundi letu waligeuka. Mmoja alikaa chini ya kijiti kisichomfunika hata kichwa, akasema atatusubiri hapohapo.

Sasa tazama chaguo zote kwa kipimo hicho. Bei ni zile nilizotajiwa au nilizolipa kutoka Flic-en-Flac, kwa watu wawili, kwenda na kurudi.

*Safari ya hoteli: rupia 6,400, langoni saa tatu na robo.* Mwongozaji yumo, maji ya chupa moja yamo. Unalipia kutofikiri, na hilo lina thamani yake kwa mtu anayeogopa kupotea. Lakini hununui asubuhi yako; unanunua wastani wa asubuhi za watu kumi na wanne, na mzembe kuliko wote ndiye anayeshika saa.

*Teksi: rupia 2,500, langoni saa yoyote mtakayopatana.* Mwongozaji hayumo. Bei hii inapungua mkipatana jioni, siyo asubuhi mkiwa mmeshavaa viatu. Mpe dereva saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na mkubaliane kama kusubiri kumo ndani ya bei. Usimlipe yote kabla hamjarudi.

*Gari la kukodi: rupia 1,600 kwa siku na mafuta ya kama 300, langoni saa yoyote.* Mauritius wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya haanzi kujifunza upya. Kwa watu watatu au wanne hakuna linaloshinda hili, maana gari hilohilo litakupeleka kwenye milima mingine mchana huohuo. Kwa mtu mmoja ni ghali, na kuendesha huku miguu inatetemeka baada ya kushuka si jambo la kupuuza.

*Basi: chini ya rupia 400, langoni si kabla ya saa tatu.* Unabadilisha njiani, unapita Tamarin na La Gaulette, kisha unashuka barabarani na kutembea juani hadi langoni, na huo ni mwendo ambao kilomita saba za mlima hazijauhesabu. Basi linafaa sana kwa miezi ya baridi, Mei hadi Oktoba, ambapo saa tatu asubuhi bado ni asubuhi. Novemba hadi Aprili ni bei ya kitoto inayolipwa kwa jasho la mtu mzima.

*Kulala jirani: rupia 600, langoni lango likifunguliwa.* Hili ndilo hatukulijua mwanzoni. La Gaulette ni kijiji cha wavuvi dakika chache kwa gari kutoka mlimani, kina nyumba za wageni zisizo na mapambo. Siku mbili za mwisho tulihamia huko, chumba rupia 1,800 kwa usiku, nafuu kuliko hoteli tuliyoihama. Jirani wa mwenye nyumba akatupeleka langoni kwa rupia 300 na kuturudisha kwa 300. Kwa kuwa chumba ungelipia popote, gharama ya mlima ni hizo mia sita tu. Saa za lango hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ziulizie jioni ya kuamkia. Sisi tulikuwa pale saa kumi na mbili na nusu, umande bado upo kwenye nyasi.

Mwongozaji: wa lazima au wa hiari?

Kisheria humhitaji. Njia iko wazi, ina alama, na wikiendi utakutana na familia za Kimauritius zinapanda na watoto. Swali ni kama anakuongezea kitu, na jibu linategemea mambo matatu.

La kwanza ni mawe. Kama hujawahi kupanda kwa mikono, mtu anayekuambia "mguu wa kushoto pale, sasa vuta" ni bima kuliko bima ya kampuni. Kupanda hudanganya, kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kuwapotezea watu ujasiri. Mvua ikiwa imenyesha usiku, jiwe linakuwa kama sabuni, na mwongozaji mzuri ni yule anayekataa pesa yako siku hiyo.

La pili ni idadi. Wale kumi na wanne wa siku ya kwanza walikuwa na mwongozaji mmoja, na mimi niliyekuwa nyuma nilimsikia langoni na kwenye gari peke yake. Mwenye nyumba wa La Gaulette alitutafutia kijana wa kijijini kwa rupia 1,500 kwa kila mmoja wetu, sisi wawili tu. Kabla ya kulipa popote, uliza swali moja: mtu mmoja anaongoza wangapi? Wakisema zaidi ya wanane, unalipia dereva anayetembea.

La tatu ni hadithi, na kwa msomaji wa Kiswahili hili lina uzito wake. UNESCO iliuingiza mlima huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 watumwa waliotoroka walijificha kwenye mapango na miinuko yake. Hadithi inayosimuliwa kisiwani ni kwamba utumwa ulipokomeshwa, tarehe 1 Februari 1835, askari walipelekwa kuwapa habari. Wale waliokuwa juu walipoona sare wakadhani wamefuatwa, wakajitupa baharini. Hadi leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa.

Na walitoka wapi? Wengi Madagaska na Msumbiji, na pwani yetu imo. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka, na kisiwa hiki, wakati huo kikiitwa Isle de France, ndiko walikokuwa wakihitajika mashambani. Mwongozaji wetu alipotusikia tunabishana kwa Kiswahili juu ya maji nani kabeba, alisimama. Alisema wazee wake waliwaita watu wote wa upande wetu "Mozambik", awe Mmakua, awe Mmakonde, awe wa Kilwa. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayeuliza njia, maneno mawili matatu ya kwetu yanavyotamkwa. Mpwa wangu akampa "maji". Akalirudia hadi mlangoni.

Hicho hakimo kwenye kikaratasi cha plastiki. Kama unajiweza kwa miguu na hutaki hadithi, nenda mwenyewe na uokoe rupia 1,500. Kama unataka kujua umesimama wapi, hizo ndizo pesa utakazozikumbuka kwa furaha.

Kitu cha bure cha kuongezea: ukifuata barabara ya pwani kuelekea Baie du Cap utapita kwenye mwamba wa kutazamia bahari unaoitwa Macondé. Wapo wanaolihusisha jina hilo na Wamakonde, wapo wanaolipeleka kwa Mfaransa aliyeitwa Condé. Kapige picha, ukaamue mwenyewe.

Milima mingine isiyo na tiketi

Le Morne ina jina, na jina ndilo linalopandisha bei. Kama unachotaka ni mguu kuchoka na macho kufurahi, kisiwa kina milima mingine ambayo hakuna mapokezi yanayokukimbilia nayo.

Le Pouce, mita 812, iko juu ya Port Louis na umbo lake ni kama kidole gumba, ndilo jina lake kwa Kifaransa. Charles Darwin aliupanda mwaka 1836 meli yake ilipotia nanga hapa. Upande wa Moka unaanzia kwenye mashamba ya miwa, tayari uko juu, na kwa saa moja na kidogo mtu mwenye pumzi anafika. Upande wa Port Louis unaanzia chini mjini, ni mrefu zaidi na una joto la mji. Mabasi ni mengi, kwa hiyo huu ndio mlima wa mwenye basi. Mwisho wake una mwinuko wa kushika mawe, mfupi.

Piton de la Petite Rivière Noire, mita 828, ndio mrefu kuliko yote kisiwani, na kwa ajabu ndio unaokuchosha kidogo, kwa kuwa barabara inakupandisha sehemu kubwa kabla hujashuka garini. Upo ndani ya hifadhi ya Black River Gorges, iliyotangazwa mwaka 1994. Unatembea juu ya ukingo wenye miti na mipera ya mwituni, kisha dakika za mwisho ni mwinuko wa mizizi. Kuna hewa baridi na mara nyingi ukungu. Tatizo lake ni usafiri: bila gari lako au teksi, ni shida.

Lion Mountain, mita 480, uko Vieux Grand Port, upande wa mashariki karibu na Mahébourg na uwanja wa ndege. Njia inaanzia jirani na kituo cha polisi. Ni mfupi, mkali, na una wageni wachache. Anayelala Mahébourg usiku wa mwisho kabla ya ndege anaweza kuupanda alfajiri kwa gharama ya nauli tu.

Signal Mountain, mita 323, ni wa mazoezi ya jioni ya watu wa Port Louis, njia yake imewekewa lami. Uchukue kama mtihani: kama huu umekuangusha, usilipie Le Morne.

Kwa watu wawili wanaotumia basi, Le Pouce unashinda. Kwa familia yenye gari, Piton. Kwa aliyekuja mahususi kwa historia au kwa ile bahari, Le Morne haina mbadala, na hapo ndipo saa inapostahili kununuliwa.

Viatu vya mtumba na hesabu ya maji

Hapa nina kosa la kwangu mwenyewe la kukiri. Kabla ya safari nilimnunulia mpwa wangu viatu vya mlimani vya mtumba, soko la Karume Dar es Salaam, shilingi 35,000. Ngozi safi, kamba nzima, meno ya soli kama mapya. Siku ya kwanza, tukiwa juu kidogo ya lile bango, nikasikia sauti nyuma yangu: paf. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imebanduka kuanzia kisigino, inaning'inia kama ulimi wa mbwa.

"Mjomba," akaniita, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumu, "kiatu kimechoka kabla yangu."

Tulikifunga kwa kamba za kiatu zilizozidi na mkanda wa begi. Alifika msalabani, lakini kushuka kulituchukua karibu mara mbili ya muda wa wenzetu.

Fundi aliyekiona baadaye alinieleza. Viatu vingi vya mlimani vina sponji ngumu kati ya ngozi na soli. Sponji hiyo huoza kwa unyevu na umri hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto humalizia kazi. Kwa hiyo kiatu "kipya kabisa" cha mtumba kilichokaa kabatini Ulaya miaka kumi ni hatari kuliko kilichovaliwa mwaka mmoja. Ukiwa Karume, Kongowea au Gikomba, usitazame meno ya soli. Bonyeza ile sponji ya pembeni kwa kidole gumba; ikimeguka au ikibaki na shimo, rudisha. Kipinde kiatu kwa nguvu mara kumi na uangalie nyufa. Kisha kivae wiki mbili mtaani kwenu kabla ya kukipandisha ndege.

Raba za kawaida zenye soli ya kushika zinatosha kwa Le Morne siku kavu. Kandambili zinaishia kwenye bango. Niliwaona vijana wakipanda peku. Hao wamezaliwa hapo, usiwaige.

Maji: lita mbili kwa mtu, na usipunguze. Hakuna bomba wala duka njiani. Chupa ya lita moja na nusu dukani La Gaulette ilikuwa chini ya rupia 30; hotelini kichupa cha nusu lita kilitozwa rupia 90. Beba pakiti mbili za ORS kutoka nyumbani. Ni rahisi kuliko kinywaji chochote cha rangi, na miguu ikianza kukaza utazishukuru. Kofia pana ni bora kuliko mafuta ya ghali ya kuzuia jua, ingawa vyote viwili ni bora zaidi. Ukimwona mwenzako ameacha kutoa jasho, anaongea ovyo au anasikia kizunguzungu, mlima umekwisha kwa siku hiyo: kivulini, maji mwilini, teremkeni. Namba ya gari la wagonjwa kisiwani ni 114.

Hesabu ya mwisho

Siku ya kwanza, kwa hoteli, tulitumia rupia 6,400. Siku ya pili, teksi ya kijijini 600 na mwongozaji wa watu wawili 3,000, jumla 3,600, kama dola 80. Bila mwongozaji ingekuwa dola 13. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja ya saa nne hivi, na Mkenya na Mtanzania hawaombi visa kabla ya kuondoka. Mtu aliyeshalipa nauli hiyo asibanie dola sitini na kitu za kuielewa Le Morne, wala asitupe sitini nyingine kwa ajili ya foleni.

Kama huwezi kubadilisha hoteli, badilisha mwezi. Juni hadi Septemba joto hupungua na mvua hupungua, na kosa la kuchelewa halikuadhibu sana. Ukienda Januari hadi Machi, panga siku mbili za akiba, maana ndio msimu wa vimbunga na lango linaweza kufungwa. Kama umeshalipia hoteli na mwezi, badilisha saa: lipa teksi, amka.

Mara ya pili tulifika msalabani saa mbili kasoro. Jiwe lilikuwa bado la baridi ya usiku, ukiliegemea linakutuliza. Tulikuwa peke yetu na kijana wetu, aliyekuwa anajaribu "maji" kwa matamshi mapya. Saa tatu na nusu tulikuwa chini, tumekaa kivulini, tunakula gato piman, ambazo mtu wa Mombasa akizionja atasema ni bajia tu zimebadilisha jina.

Gari likaingia maegesho. Nililitambua kwa kibandiko cha mlangoni. Wakashuka watu, nikawahesabu, kumi na mmoja, mmoja wao akilalamika kwamba kahawa yake imebaki mezani. Walitutazama tulivyolowa, wakamuuliza mpwa wangu kama ni ngumu.

"Siyo ngumu," akawajibu kwa Kiingereza, akiinua miguu kuwaonyesha raba mpya. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Tuwaambie, mjomba, au tuwaache?"

Tuliwapa pakiti mbili za ORS.